Admirali Rawson: aliyepiga Forodhani, kisha akawa gavana wa New South Wales

Tarehe 27 Mei 1902, mwanamaji wa Kiingereza aitwaye Harry Holdsworth Rawson aliapishwa mjini Sydney kuwa gavana wa jimbo la New South Wales, Australia. Alitawala huko karibu miaka saba. Muda wake wa kawaida ulipokwisha, serikali ya jimbo iliomba aongezewe mwaka mmoja, na ombi likakubaliwa. Gavana anayeombwa abaki si jambo la kila siku, hasa katika jimbo ambalo wakati ule lilikuwa na wanasiasa waliouliza waziwazi kwa nini liletewe gavana kutoka Uingereza.

Sisi wa pwani tunamjua kwa jambo jingine, hata kama jina lake wengi hatulitaji. Rawson ndiye aliyekuwa juu ya manowari St George asubuhi ya 27 Agosti 1896, pale jumba la Sultani wa Zanzibar, huko Forodhani, lilipopigwa mizinga mpaka likawaka moto. Mwaka mmoja kabla yake aliivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui huko Mwele, nyuma ya Gazi. Na miezi sita baada ya Unguja aliuteka mji wa Benin, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Mara nyingi tunasimulia vita hivi kwa kuhesabu dakika zake, halafu tunamwacha aliyeviongoza apotee na moshi. Nataka tumfuate mpaka Sydney, kwa sababu maisha yake yana swali linalotuhusu: mtu mmoja, chini ya taji moja, aliwezaje kuwa vile huku na kuwa vile kule?

Mtoto wa melini

Rawson alizaliwa tarehe 5 Novemba 1843 karibu na Liverpool. Aliingia jeshi la wanamaji mwaka 1857 akiwa na miaka 13, na vita vyake vya kwanza vilikuwa China, katika ile Vita ya Pili ya Kasumba. Mwaka 1863, kijana asiyetimiza miaka 20, aliachiwa ulinzi wa Ningpo na askari wa Kichina 1,300 chini yake, akajeruhiwa vibaya. Mwaka 1878 Uingereza ilipoichukua Kupro, yeye alipandisha bendera mjini Nicosia. Mwaka 1882 Misri ilipovamiwa, alisimamia usafiri wa majeshi kwa meli.

Ukiyapanga hayo utaona malezi aliyoyapata. Kila bandari aliyotia nanga, wenyeji walikuwa watu wa kushindwa, kulindwa au kupandishiwa bendera. Hakuna hata mahali pamoja ambapo kazi yake ilimtaka awaulize wanataka nini. Mwaka 1895 alikabidhiwa kikosi cha manowari cha Rasi ya Tumaini Jema na Afrika Magharibi, na meli zake zikawa zinafika mpaka huku kwetu.

Mwele kwanza

Kisa cha Unguja hakieleweki vizuri bila Mwele. Mwanzoni mwa 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Mazrui wa Takaungu. Waliogombea nafasi yake walikuwa wawili, Mubarak bin Rashid na Rashid bin Salim. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala pwani ikamchagua Rashid, mtoto wa marehemu, aliyeonekana kuwa rafiki yake, ingawa mwenziwe ndiye aliyemzidi umri na aliyekuwa na madai mazito kwa desturi ya ukoo. Aliyekataliwa akapata hifadhi kwa Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee aliyekuwa na historia ndefu ya kutowanyenyekea masultani wa Unguja, seuze Wazungu.

Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni ilijitoa na pwani ikawa mikononi mwa serikali ya Uingereza yenyewe. Mwezi uliofuata Rawson aliteremsha mabaharia na askari wa majini wapatao 400, wakaungana na askari wa Kisudani na wa Sultani, wakapanda mpaka Mwele. Ngome ilianguka tarehe 17 Agosti. Mbaruk mwenyewe hakukamatwa. Vita viliendelea msituni na vijijini mpaka Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani chini ya gavana Hermann von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam mpaka kufa kwake.

Angalia mfuatano huo: mtawala amefariki, Waingereza wamechagua mrithi anayewafaa, mwenye watu wake amekataa, mabaharia wameteremka. Miezi minne tu baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, mambo yakaanza upya Unguja kwa mfuatano uleule.

Siku mbili za Agosti

Tarehe 25 Agosti 1896, karibu saa sita mchana, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Walikuwapo walionong'ona kuwa amepewa sumu. Maiti haijazikwa, binamu yake Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Hakuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, alijaribu vilevile, na safari ile alizungumzwa akatoka. Hilo tuliweke akilini, maana linarudi baadaye.

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishikilia kuwa hakuna anayeweza kukalia kiti bila ridhaa ya mwakilishi wao. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alikwenda jumbani pamoja na Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani, kumwonya Khalid. Khalid hakutoka. Watu wakaendelea kumiminika jumbani na silaha, na kufikia kesho yake walikadiriwa kuwa 2,800. Askari wa ulinzi walikuwamo, lakini wengi walikuwa raia wa kawaida, pamoja na watumishi na watumwa wa jumbani kwa mamia. Mizinga ikageuzwa kuelekea bandarini.

Cave aliandika London kwa telegramu kuuliza: mazungumzo yakishindikana, je, tunaruhusiwa kupiga? Jibu la serikali ya Lord Salisbury lilifika tarehe 26. Lilimruhusu kuchukua hatua yoyote aliyoiona ya lazima na kumwahidi kuungwa mkono, ila asijaribu jambo ambalo hana hakika ya kulimaliza kwa ushindi.

Mimi naona kisa chote kimefungwa katika jibu hilo. Lina sharti moja tu, nalo ni hakika ya kushinda. Halisemi neno juu ya watu waliomo jumbani, wala juu ya wanawake, wala moto katika mji uliojengwa nyumba kwa nyumba. Na siku hiyohiyo mchana, Rawson akaingia bandarini na St George, manowari kubwa kuliko zote zilizokuwapo. Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon zilikuwa zimekwisha kujipanga. Sharti la London likawa limetimia kwa kutia nanga kwake. Kabla ya hapo Cave alikuwa na ruhusa, na sasa alikuwa na nguvu ya kuitumia.

Onyo likapelekwa: bendera iteremshwe na jumba lihamwe kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Meli za biashara zikaamriwa ziondoke. Wanawake na watoto wa Kiingereza wakapelekwa melini. Saa mbili asubuhi mjumbe wa Khalid alikuja kwa Cave kutafuta mazungumzo. Akajibiwa kuwa kuokoka kwake kumo katika kukubali masharti. Jibu la mwisho la Khalid lilikuwa kwamba hana nia ya kuteremsha bendera, na haamini kuwa watampiga.

Wapo wanaolicheka jibu hilo kama la kijana asiyejua dunia. Mimi silicheki. Baba yake, Seyyid Barghash, alialikwa London mwaka 1875 na kupokewa kwa heshima. Mathews, aliyekuwa upande wa pili asubuhi ile, ndiye aliyeajiriwa na Barghash huyohuyo kumjengea jeshi. Meli ya Sultani iitwayo Glasgow, iliyokuwa ikielea mbele ya jumba, ilitengenezwa Uingereza kwa mfano wa manowari yao. Khalid alikua akiwaona Waingereza wakila na kunywa kwao. Na mara ya kwanza walimtoa kwa maneno.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Thrush, Racoon na Sparrow zililipiga jumba. Glasgow ilipojibu kuielekea St George, ilirudishiwa moto mpaka ikazama palepale bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka. Makombora 500 hivi yalirushwa, na risasi 4,100 za bombomu juu yake. Sehemu kubwa ya majengo ilikuwa ya mbao, yakashika moto na watu wamo ndani. Bendera ilipoangushwa, zilikuwa zimepita dakika 38, wengine huandika 40. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa jumba walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Beit al-Hukm, moja ya majengo ya jumba hilo, iliharibika isifae tena. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilinusurika, ila mnara uliosimama mbele yake haukupona. Mjini kukazuka uporaji, maduka ya Wahindi yakavunjwa. Mchana uleule Hamoud akakalishwa kitini. Baadaye waliomfuata Khalid wakatozwa rupia 300,000 kulipia makombora yaliyowapiga na hasara ya uporaji. Hilo la kumlipisha mtu gharama ya kombora lililomuua ndugu yake linanichoma kila ninapolisoma.

Hujasikia yote. Sultani mpya alimtunuku Rawson nishani ya Nyota ya Zanzibar, daraja la kwanza.

Hapa kuna hoja ya kujibiwa kwa uungwana. Husemwa kuwa Khalid aliungwa mkono na mabwana wa watumwa, na kwamba Hamoud ndiye aliyetia saini amri ya 6 Aprili 1897 ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo ni kweli, na ilikuwa jambo jema lililochelewa. Lakini katika jumba lile walikuwamo watumwa wenyewe, wamewekwa mbele ya mizinga bila kuulizwa na pande zote mbili. Ikiwa ukombozi wao ndio uliokuwa lengo, haukuonekana katika simu ya London, wala katika onyo la saa tatu.

Benin

Nitapita haraka hapa. Mapema Januari 1897 msafara wa ofisa wa Kiingereza James Phillips, aliyekuwa ameombwa asiende Benin wakati wa ibada ya mfalme, ulishambuliwa na karibu wote wakauawa. Rawson alipewa kazi ya kulipiza. Kwa muda wa wiki chache alikusanya meli na watu wapatao 1,200 kutoka pande mbalimbali, na tarehe 18 Februari mji ukawa wake. Siku tatu baadaye moto uliuteketeza sehemu kubwa. Mfalme wake, Oba Ovonramwen, alipelekwa uhamishoni Calabar, akafia huko mwaka 1914. Maelfu ya vitu vya shaba na pembe vilichukuliwa, vingine vikauzwa kufidia gharama za safari, vingine vikagawanywa kwa maofisa. Ndivyo vinavyodaiwa mpaka leo, na Ujerumani ilianza kuvirudisha mwaka 2022.

Kwa ushindi huo Rawson akapewa cheo cha Sir. Kutoka 1898 hadi 1901 aliongoza kikosi cha manowari cha mlango wa bahari wa Uingereza, moja ya kazi kubwa kabisa za jeshi lao. Kisha ukaja ugavana.

Sydney

Alipofika, Australia ilikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano tangu makoloni sita yaungane kuwa shirikisho, tarehe 1 Januari 1901. New South Wales sasa lilikuwa jimbo. Hata jumba kubwa la gavana lilikuwa limechukuliwa na Gavana Mkuu wa shirikisho, na gavana wa jimbo alikaa katika nyumba ya Cranbrook, Bellevue Hill. Huyu aliyechoma jumba la Sultani hakulala katika jumba la magavana waliomtangulia.

Madaraka yake yalikuwa na mipaka mikali. New South Wales lilikuwa na serikali inayowajibika kwa bunge tangu miaka ya 1850. Gavana alitia saini sheria, alifungua bunge, alimwita mwenye wabunge wengi aunde serikali, na karibu kila jambo alilifanya kwa ushauri wa mawaziri. Agosti 1902, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa kwake, jimbo lilipitisha sheria ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Agosti ileile, miaka sita baada ya Forodhani. Mwezi mmoja nyuma, Julai 1902, Hamoud alikuwa amefariki Unguja, na kiti kikaenda kwa mwanawe Ali kwa ridhaa ya Waingereza.

Katika miaka yake saba Rawson alifanya kazi na mawaziri viongozi wanne. John See alijiuzulu 1904 kwa ugonjwa, akafuata Thomas Waddell. Uchaguzi wa mwaka huohuo ukamleta Joseph Carruthers, na 1907 akaingia Charles Wade. Madaraka yalibadilika mikono mara tatu mbele ya macho yake, na kazi yake ilikuwa kupokea barua ya kujiuzulu na kumwita anayefuata. Desemba 1903 wananchi walipiga kura ya maoni wakapunguza wabunge kutoka 125 hadi 90. Agosti 1908 manowari 16 za Marekani zilipotia nanga Sydney, watu walijaa ufukweni kuzishangilia.

Wakati huo wote hatusomi popote kuwa alijaribu kuvuka mipaka hiyo. Alipendwa kwa uchangamfu wake na kwa kuyaheshimu mambo ya jimbo. Rawson Place, karibu na kituo kikuu cha treni, inaitwa kwa jina lake.

Lakini tusiipambe Sydney kupita kiasi. Walioulizwa huko walikuwa walowezi. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa chini ya bodi iliyoitwa ya ulinzi, na sheria ya shirikisho ya 1902 iliyowapa wanawake wa Kizungu kura iliwanyima wenyeji wengi. Neno hilo la ulinzi lilitumika Sydney, likatumika na Unguja.

Je, alitii amri tu?

Hivi ndivyo anavyotetewa: askari hutii, wa kulaumiwa ni London. Sikubaliani, na sababu zangu zimo katika saa zenyewe. London haikuamuru mizinga ipigwe saa tatu. Iliacha uamuzi kwa waliokuwapo. Waingereza waliokuwa mjini walikuwa wamekwisha kuondolewa hatarini. Hakukuwa na jeshi la nje linalokuja kumsaidia Khalid. Na mfano wa 1893 ulikuwapo, mtu yuleyule, mlango uleule, akatolewa kwa maneno. Asubuhi ya 27 mjumbe alikuja kutaka mazungumzo, saa nzima kabla ya kombora la kwanza. Siku moja zaidi ingegharimu nini?

Jibu langu ni kwamba ingegharimu sura yao. Mbaruk alikuwa ameisumbua pwani miezi kumi, na vita vyake vilikuwa bado vibichi. Kama bendera ingekaa juu ya jumba siku tatu, kila shekhe kutoka Lamu mpaka Vanga angejua kuwa inawezekana. Haraka ile ilikuwa sehemu ya ujumbe, na Rawson aliielewa kwa sababu alikuwa ametoka Mwele yeye mwenyewe.

Kwa hiyo siamini kuwa umri ulimlainisha kati ya Benin na Sydney. Kule bunge lilikuwa na fedha, magazeti yalikuwa na ulimi, wapiga kura walikuwa na tarehe ya uchaguzi, na kuivuka mipaka kungemwondoa yeye. Huku hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Tabia njema ya gavana wa New South Wales ililindwa na sheria ambayo Uingereza iliwakubalia walowezi wake na kuwanyima watu wa Zanzibar.

Rawson aliondoka Sydney Machi 1909 na kufariki London tarehe 3 Novemba 1910. Khalid, siku ya mizinga, alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na kukaa humo mpaka 2 Oktoba 1896, maji yalipojaa na mashua ya Kijerumani ikafika mpaka kwenye bustani ya ubalozi, akapanda bila kukanyaga ardhi ambayo Waingereza wangeweza kumkamatia. Aliishi Dar es Salaam miaka ishirini. Mwaka 1916 Waingereza walipouteka mji huo wakamkamata, wakamhamishia Saint Helena na Shelisheli. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.